Tunapouziwa Hofu Pamoja na Kipakatalishi

Mwalimu anunuapo kipakatalishi siku hizi hauziwi mashine peke yake. Huuziwa mashine, kisha akauziwa hofu ya kwamba mashine hiyo itaharibika, na hofu hiyo huandikiwa bei yake kwenye risiti. Sisemi haya kwa kusikia. Mwezi uliopita nilipanda matatu kutoka Machakos hadi Nairobi nikiwa na mkopo wa chama chetu cha akiba na mikopo, mkopo nitakaoulipa kwa miezi 36, nikarejea na kipakatalishi kipya cha shilingi 68,000 pamoja na karatasi ya rangi ya samawati iitwayo dhamana ya ziada, iliyonigharimu shilingi 11,900 juu ya hizo. Duka lilinipa siku 14 za kuirudisha karatasi hiyo endapo ningebadili nia. Makala haya ni zao la siku hizo 14.

Kwanza niliondoe suala la jina. Mijadala ya iwapo chombo hiki tukiite tarakilishi, ngamizi au kompyuta imekwisha kula kurasa nyingi za magazeti, nami sina nia ya kuifufua. Hiki cha kupakatwa nitakiita kipakatalishi, maadamu hata wanafunzi wangu wanaokiita laptopu hawahitaji kufasiriwa jina hilo.

Je, kipakatalishi chenyewe kilistahili mkopo? Naona kilistahili, wala sitalikawilia jambo hili. Kazi ya mwalimu wa leo imehamia mtandaoni atake asitake. Tathmini ya utendakazi wake inayodaiwa na Tume ya Kuajiri Walimu hujazwa humo, na watahiniwa wa mitihani ya kitaifa husajiliwa humo humo. Asiye na mashine yake hulazimika kwenda saiba, akalipia muda, akalipia kila ukurasa, na wakati mwingine akalipia kwa njia asiyoitarajia. Katika muhula wa pili wa mwaka 2022 mtihani wangu wa Kidato cha Tatu, nilioupiga chapa katika saiba moja, ulibakia ndani ya mashine ile. Asubuhi ya mtihani niliwaona vijana wawili wakianza kuandika insha kabla sijamaliza kugawa karatasi. Usiku wake sikulala. Nilitunga mtihani mwingine kwa mkono, kwa mwanga wa taa ya mafuta kwa kuwa stima nazo zilikuwa zimepotea. Tangu siku ile nilijua kwamba ningenunua mashine yangu, iwe kwa kukopa au kwa kujinyima.

Suala la karatasi ya samawati ndilo linalonikera, na ndilo linalonifanya niandike.

Kijana aliyenihudumia kwenye kaunta alikuwa mtaratibu na mwenye heshima. Kwa muda wa dakika ishirini alinisifia uimara wa kipakatalishi kile: akakifungua na kukifunga mara kadhaa ili nione bawaba zake zilivyo ngumu, akaubonyeza mgongo wake kwa kidole gumba, akanihakikishia kwamba mtengenezaji wake hana mpinzani. Nilipokubali bei tu, sauti yake ikabadilika. "Mwalimu," akaniambia, "hiki ni chombo cha umeme. Kikiharibika mwaka ujao, utakwenda wapi?" Akanisogezea karatasi. Nami mtu mzima, niliyefunza kwa zaidi ya miaka ishirini namna ya kupima hoja na kuzikosoa, nikatia sahihi bila ya kujiuliza ni vipi mashine iliyokuwa imara kama mwamba imegeuka kuwa yai kwa kupita dakika moja.

Nadhani siko peke yangu. Mtu aliyekwisha toa shilingi 68,000 huziona 11,900 kuwa ni kidogo, ingawa siku nyingine yoyote asingezitoa bila ya kushauriana na mkewe. Isitoshe, fedha za mkopo huwa na wepesi wake. Zinapotoka mfukoni hazilii kama za mshahara.

Nilipofika nyumbani niliisoma karatasi ile kwa miwani na kalamu nyekundu, kama nisahihishavyo insha. La kwanza nililoliona ni hesabu ya miaka. Kijana aliniambia ninanunua usalama wa miaka mitatu. Ukweli ni kwamba mwaka wa kwanza ulikuwa umelipiwa tayari katika bei ya mashine, kwani mtengenezaji huutoa kwa kila mnunuzi. Nilichokuwa nimenunua ni miezi 24, ambayo ni takriban shilingi 500 kila mwezi. La pili ni fidia. Katika mwaka wa tatu haitazidi nusu ya bei niliyonunulia, yaani shilingi 34,000. La tatu ni muda, kwamba duka lina siku 30 za kazi kukamilisha matengenezo, na siku 30 za kazi ni wiki sita, karibu nusu ya muhula.

Halafu nikafika kwenye orodha ya yasiyohusika, iliyopigwa chapa kwa herufi ndogo kuliko nyingine zote. Betri haimo. Chaja haimo. Bawaba na ganda la nje havimo. Skrini iliyopasuka haimo. Maji, chai na kinywaji kingine chochote havimo. Kuanguka hakumo. Wizi haumo. Madhara ya umeme uliozidi nguvu hayamo. Mashine ikifunguliwa na fundi asiyetambuliwa na duka, dhamana nzima imekufa.

Niliposoma orodha hiyo nilivikumbuka vipakatalishi vilivyowahi kufa katika chumba chetu cha walimu. Kimoja kilimwagiwa chai wakati wa mapumziko ya saa nne. Kimoja kiliteleza kutoka mapajani mwa mwenyewe ndani ya matatu dereva alipopiga breki ghafla. Kimoja kiliibwa stendi ya magari. Kingine kiliungua jioni moja stima ziliporejea kwa kishindo baada ya kupotea tangu asubuhi. Hakuna hata kimoja ambacho karatasi ya samawati ingekifaa kitu. Waliotunga karatasi hizi wanayajua maradhi yanayoua mashine zetu kuliko tunavyoyajua sisi, ndiyo maana wameyaorodhesha yote kwa ukamilifu, upande wa yale wasiyoyalipia.

Na haikuwa mara yangu ya kwanza, jambo ambalo linaniaibisha kulikiri. Mnamo mwaka 2018 nilinunua mashine iliyotangulia hii pamoja na dhamana ya namna hiyo hiyo katika duka jingine. Ilikuwa ni mashine nzito ya mtumba iliyokaa mezani nyumbani, nayo ilinihudumia hadi mwezi wa kumi na saba, ikagoma kuwaka. Niliipeleka dukani na karatasi zangu zote. Wakaiweka kwa wiki tatu, kisha nikajibiwa kwa sentensi moja kwamba tatizo lilisababishwa na umeme, na umeme hauhusiki. Nikaichukua hadi kwa fundi mmoja wa barabara ya Luthuli, katika vyumba vile vya juu ambamo mtu hupita ubavuubavu baina ya meza. Aliifungua mbele yangu, akabadilisha kipuri kimoja kidogo mahali ambapo waya wa chaja huingia, akaniomba shilingi 3,500. Jioni hiyo hiyo nilirudi nyumbani nikiandika. Sijui hadi leo kama ni umeme kweli ulioharibu au ni udhaifu wa kipuri chenyewe. Jambo ninalolijua ni kwamba aliyekuwa na mamlaka ya kuamua ndiye yule ambaye angelipa.

Safari hii nilimwomba mwenzangu anayefunza hisabati anipigie hesabu. Aliniuliza ni kiasi gani fundi angedai kwa wastani kwa ubovu mkubwa unaokubaliwa na dhamana, nikamjibu kwamba fundi niliyemwendea aliniambia shilingi 20,000. Akaandika ubaoni: walimu 10 wenye mashine kama yangu wangelipa jumla ya shilingi 119,000. Ili fedha hizo ziwarudie zote, karibu mashine 6 kati ya 10 zingelazimika kupata ubovu mkubwa ndani ya miezi 24, tena ubovu usiotokana na umeme, wala kuanguka, wala maji, wala betri. "Kama mashine sita kati ya kumi huharibika hivyo," akasema, "usinunue dhamana, mwalimu. Usiinunue mashine yenyewe."

Hoja yake haina ufundi wowote wa siri. Kila dhamana ya ziada ni bima, hata ikiitwa kwa jina jingine, na kila bima lazima ikusanye zaidi ya inavyolipa, kwa kuwa katika shilingi moja iliyokusanywa pana fungu la muuzaji, fungu la kampuni inayobeba hatari, gharama za ofisi, na ndipo libakie la matengenezo. Hilo si wizi. Watu hulipia bima ya gari na ya hospitali wakijua hivyo, kwani ajali moja au upasuaji mmoja unaweza kuifilisi jamaa nzima. Lakini kuna tofauti kati ya msiba utakaokufilisi na usumbufu utakaokuchelewesha.

Wahandisi nao wana mchoro wanaoupenda, wenye umbo la beseni la kuogea. Vifaa vya umeme huharibika kwa wingi katika siku za mwanzo, kwa sababu kasoro za kiwandani hujitokeza mapema. Kisha hufuata kipindi kirefu cha utulivu. Halafu uzee huingia na uharibifu hupanda tena. Dhamana ya mtengenezaji huushughulikia ukingo wa kwanza wa beseni, bure. Dhamana ya ziada huuziwa kwetu kwa ajili ya sakafu ya beseni, palipo shwari. Kitu kinachochakaa kwa hakika katika miaka hiyo ni betri, kwa sababu betri za lithiamu hupoteza uwezo wake polepole kila zinapochajiwa na kutumika, na baada ya kuchajiwa mara mamia kadhaa mwenyewe huliona pengo. Betri, kama nilivyokwisha kusema, haimo.

Wala si Kenya peke yake ambako jambo hili limewakera watu. Nchini Uingereza, Tume ya Ushindani ilichunguza biashara ya dhamana za ziada za vifaa vya umeme vya nyumbani, na katika ripoti yake ya mwaka 2003 ikaona kwamba ushindani haukuwatendea haki wanunuzi, ambao walikuwa wakiuziwa dhamana kwenye kaunta bila ya nafasi ya kulinganisha bei. Kuanzia mwaka 2005 maduka ya huko yalilazimishwa kuitangaza bei ya dhamana kando ya bei ya kifaa, na kumpa mnunuzi siku 45 za kuifuta na kurudishiwa fedha zake zote iwapo hajadai chochote. Siku zangu 14 zilikuwa ni ihsani ya duka.

Hata hivyo sisi nasi hatuko uchi mbele ya sheria, na hapa nawaomba walimu wenzangu wa somo la historia na serikali wanisaidie kulieneza neno. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa habari zinazohitajika ili azifaidi, na haki ya kufidiwa akipata hasara kutokana na kasoro zake. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ilikuwapo kabla ya Katiba hiyo, nayo inatia ndani ya mauzo masharti juu ya ubora na ufaafu wa bidhaa hata kama muuzaji hakuyataja. Tangu mwaka 2021 pana Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na kutakiwa kuyaamua ndani ya siku 60, ambamo mtu anaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Sisemi kwamba mashine ikifa katika mwezi wa thelathini sheria hizi zitakurudishia fedha zako; sheria haiahidi kwamba chombo kitaishi milele. Nasema kwamba mashine ikifa katika wiki ya tatu, mtu asikubali kuambiwa kuwa hana haki kwa sababu hakununua karatasi.

Nilikuwa nimekwisha kuamua, na makala haya yangekomea hapo kwa ushindi, kama si binti yangu anayesoma katika chuo kikuu, mwaka wa nne. Yeye naye amenunua kipakatalishi, kwa fedha alizojiwekea kidogo kidogo kutoka kwa mkopo wake wa masomo na kwa kusuka nywele za wenzake. Nilimweleza hesabu ya beseni na ya mashine sita, nikidhani atapiga makofi. Akaniambia: "Baba, mashine yako ikifa, mwisho wa mwezi una mshahara. Yangu ikifa wiki ya kuwasilisha mradi, mimi nina nini?"

Nilikosa jibu la haraka, na nikiri kwamba sina jibu kamili hata sasa. Hesabu ya mwenzangu ni ya wastani, na mtu mmoja haishi katika wastani. Kwa mwenye akiba, shilingi 20,000 za fundi ni maumivu. Kwa mwanafunzi asiye na akiba, ni mwisho wa muhula. Pana mwalimu mwenzetu ambaye ubao mkuu wa mashine yake ulikufa katika mwezi wa kumi na tisa bila ya sababu yoyote. Alikuwa na dhamana iliyorefushwa na mtengenezaji mwenyewe, akabadilishiwa ubao kwa siku nne bila ya kulipa ndururu. Simwiti mjinga kwa kuinunua. Alilipia, akafaidi.

Nilipolitafakari swali la binti yangu niliona kuwa linagusa mambo mawili yaliyochanganyika. Anaogopa gharama, na anaogopa kuipoteza kazi yake. Karatasi za madukani hushughulikia gharama peke yake, tena kwa wiki sita ambazo mtu mwenye tarehe ya kuwasilisha hana. Kazi yenyewe, kurasa zile 60 za mradi, haimo katika dhamana yoyote niliyoisoma. Karatasi yangu inasema waziwazi kwamba duka halitawajibika kwa chochote kilichohifadhiwa ndani ya mashine. Alama za watahiniwa wangu wa Kidato cha Nne za mihula mitatu zina thamani kuliko mashine inayozibeba, na hakuna aliyejitolea kuzidhamini. Dawa yake ni nakala mbili nje ya mashine, moja katika diski na nyingine mtandaoni, na dawa hiyo haihitaji sahihi ya muuzaji.

Kwa hiyo nilimwambia hivi. Ya duka asiichukue. Kama mtengenezaji mwenyewe anauza nyongeza inayolipia kuanguka na kumwagikiwa, na kama matengenezo hufanyiwa hapa nchini, basi kwa mtu wa hali yake bei hiyo inaweza kuwa na maana ambayo kwangu haina. Na aitazame tarehe. Nilipoiingiza nambari iliyopigwa chapa chini ya mashine yangu katika tovuti ya mtengenezaji, niligundua kwamba mwaka wangu wa kwanza ulikuwa umeanza kuhesabiwa miezi minne kabla sijainunua, mashine ilipokuwa bado ghalani. Niliwatumia nakala ya risiti, wakairekebisha. Miezi hiyo minne sikuinunua kwa mtu.

(Mashine za mtumba kutoka Ulaya ni kisa kingine. Huko dhamana ya kwanza aghalabu imekwisha kupita, na ahadi pekee ni ya duka lenyewe. Anayezinunua anunue kwa bei inayolifikiria hilo.)

Siku ya 12 nilirudi Nairobi. Kijana yule alinikumbuka, akaniuliza kama mashine ina tatizo, nikamwambia haina. Alimwita msimamizi wake, msimamizi akaniuliza mara tatu kama nina hakika, kisha wakanirudishia shilingi 11,900 kwa simu. Kabla sijaondoka katika mtaa ule nilinunua diski ya nje kwa shilingi 6,500, kifaa cha kukinga umeme uliozidi nguvu kwa 1,800, na mfuko wenye sponji nene kwa 1,200. Zilizobaki, shilingi 2,400, zimo katika akaunti yangu ya akiba, na kila mwezi naongeza zile 500 ambazo ningekuwa nimezilipa.

Binti yangu hajaamua. Amemwandikia wakala wa mtengenezaji wa mashine yake akiuliza mambo mawili: iwapo skrini iliyopasuka kwa kuanguka inahesabiwa, na iwapo matengenezo hufanyiwa Nairobi ama mashine hupelekwa ng'ambo. Jibu halijafika, naye ana siku tisa zilizosalia.